Je, Wajua? Buibui Warukaji, Kutoka Burma Hadi Mbita

Je, wajua kwamba yule buibui mdogo wa kijivu anayetembea kwenye ukuta wa bucha, pale Soko la Burma, Nairobi, anakuona vizuri na anajua uko upande gani? Sogeza kidole polepole karibu naye. Hatakimbia. Atageuza mwili mzima akielekee kidole, asimame, akichunguze. Ukikipeleka kushoto, naye ageuka kushoto. Viumbe wengi wa ukubwa wake hutoroka kivuli tu kinapopita; huyu hugeuka atazame kilicholeta kivuli. Ni buibui mrukaji, wa familia ya Salticidae, familia iliyo kubwa kuliko zote za buibui duniani, yenye spishi zaidi ya 6,000.

Je, wajua kwamba hana mtego? Ule utando wenye vumbi unaoning'inia chini ya mabati si wake. Umefumwa na buibui wa familia nyingine. Mrukaji huwinda kama paka: humwona nzi kutoka mbali, hunyata, husimama nzi akigeuka, hunyata tena, kisha humrukia. Uzi wake ana kazi nyingine nao. Kwanza hujitengenezea kijichumba cheupe cha kulala na kutagia mayai, kwenye ufa wa ukuta au jani lililojikunja. Pili, kabla ya kila mruko hubandika ncha ya uzi pale aliposimama, ili akikosa shabaha aning'inie badala ya kuanguka.

Je, wajua kwa nini anapenda kuta za sokoni? Palipo na nyama pana nzi, na Burma, jirani ya Shauri Moyo na uwanja wa City Stadium, ni soko linalojulikana jiji zima kwa nyama. Mbuzi na ng'ombe wananing'inia kwenye kulabu, matumbo yako kwenye karai, na nzi hawahitaji mwaliko. Wakati jua limeshika ukuta, nzi hutua kuota joto, na mrukaji yupo. Kazi yake ni ya mchana kabisa, kwa sababu anategemea macho.

Je, wajua ana macho mangapi? Manane. Mawili makubwa yako mbele, na hayo ndiyo yanayomfanya aonekane kama anayekukodolea. Mengine sita yamezunguka kichwa, kazi yake kugundua kitu chochote kinachosogea pembeni na nyuma, hivi kwamba karibu hakuna upande asiouona. Kitu kikisogea, macho ya pembeni huamuru mwili ugeuke, kisha yale mawili ya mbele huchukua kazi ya kutambua: ni nzi, ni mpinzani, ni mchumba, au ni kidole cha binadamu?

Je, wajua kwamba lenzi za macho hayo mawili hazisogei, lakini ndani yake kuna kinachosogea? Nyuma ya kila lenzi kuna mrija mrefu, na mwishoni mwa mrija ndiko iliko retina. Misuli midogo huusukuma mrija huku na huku, juu na chini, retina ikipitia picha kipande kwa kipande. Anachokiona kwa mara moja ni kidogo sana, lakini anakiona kwa usafi usio na kifani. Jamaa zake wa jenasi ya Portia wamepimwa, ikaonekana kwamba hakuna mdudu hata mmoja anayewafikia kwa ukali wa macho. Kereng'ende, bingwa wa wadudu, ameachwa mbali. Na kumbuka ubongo unaosoma picha hizo ni mdogo kuliko kichwa cha pini.

Je, wajua kwamba spishi tatu zinazopatikana zaidi kwenye majengo ya watu katika nchi za joto asili yake ni Afrika? Hazina majina ya Kiswahili, kwa hiyo tuyazoee ya kitaalamu: Menemerus bivittatus, Plexippus paykulli na Hasarius adansoni. Zimesafiri na mizigo ya wanadamu, merikebu kwa merikebu, na leo zinaishi kwenye kuta za Brazili, India na visiwa vya Pasifiki. Menemerus ndiye yule bapa wa kijivu anayependa ukuta wa nje wenye jua. Plexippus hukaa karibu na taa zinazovutia wadudu. Hasarius hupenda pembe za ndani na vyungu vya maua.

Je, wajua kwamba wawili kati ya hao waliingia kwenye vitabu vya sayansi kwa njia ya vita? Napoleon alipoivamia Misri mwaka 1798 alikwenda na wataalamu, mmoja wao Jules-César Savigny, aliyekusanya na kuchora wanyama wadogo wa huko kwa ustadi mkubwa. Savigny akapatwa na maradhi ya macho, akashindwa kuimaliza kazi. Mwenzake Victor Audouin ndiye aliyeandika maelezo ya michoro hiyo, na majina ya Plexippus paykulli na Hasarius adansoni yana tarehe ya 1826 hadi leo. Yanasikitisha sana yaliyompata Savigny: mtu aliyewachora viumbe wenye macho makali kiasi hicho alimalizia miaka yake bila kuweza kuvumilia mwanga.

Je, wajua Hasarius anavyopima umbali kabla ya kuruka? Sisi hulinganisha picha za macho mawili. Yeye hutumia ukungu. Retina yake ina tabaka nne. Mwanga wa kijani hutoa picha safi kwenye tabaka la ndani kabisa, na picha yenye ukungu kwenye tabaka linalofuata. Kadiri kitu kilivyo karibu, ndivyo ukungu unavyobadilika, na buibui husoma umbali kutokana na tofauti hiyo. Watafiti wa Osaka, Japani, walilithibitisha hilo mwaka 2012 kwa jaribio rahisi na zuri: walimwekea taa nyekundu isiyo na kijani, naye akawa anaruka kila mara na kuishia kabla ya kumfikia windo.

Je, wajua kwamba miguu yake ya kurukia si minene kama ya panzi? Hategemei misuli ya kunyoosha mguu. Hukaza mwili, damu yake ikasukumwa kwa nguvu kwenye miguu ya nyuma, na miguu ikanyooka ghafla. Anaruka kwa shinikizo la maji ya mwili. Ndiyo maana buibui aliyekufa hukunja miguu: hakuna tena shinikizo la kuinyoosha.

Je, wajua kwamba wengi wa jamaa hawa hawapendi kuta hata kidogo, wanaishi kwenye mimea? Toka sokoni, ingia nyua za Kaloleni, Jericho au Maringo, mitaa ya zamani iliyojengwa na nafasi ya nyasi na miti. Kwenye majani na maua ndiko utakakowakuta wadogo zaidi: wale wa jenasi ya Heliophanus, weusi wenye kung'aa, ambao mtaalamu wa Poland Wanda Wesołowska aliwapanga upya mwaka 1986, wale wa Thyene, wenye madoa na rangi za kuvutia, na wale wa Evarcha, ambao safu hii imeandikwa hasa kwa ajili yao.

Jenasi ya Evarcha ilipewa jina na Mfaransa Eugène Simon mwaka 1902. Ni buibui wa milimita chache, wenye manyoya, wanaokaa kwenye nyasi, vichaka na maua. Kwa umbo hawana la ajabu. Maajabu yako katika mwenendo.

Je, wajua kwamba huenda Evarcha huota ndoto? Mwaka 2022 Daniela Rößler na wenzake walichapisha walichokiona usiku kwa kamera. Makinda ya Evarcha arcuata, spishi ya Ulaya na Asia, hulala wakining'inia kwenye uzi. Ngozi ya kinda bado hupitisha mwanga, kwa hiyo mirija ya macho huonekana kwa ndani. Kila baada ya muda mirija hiyo ilianza kucheza, miguu ikakunjamana na kutikisika, kisha utulivu ukarejea. Ndivyo macho ya binadamu yanavyocheza katika usingizi wa ndoto. Kama buibui huyo anaona chochote wakati huo, watafiti hawakudai. Lakini mimi, tangu niliposoma habari hiyo, sijathubutu kumfagia mrukaji aliyelala.

Je, wajua jina la Burma lina uhusiano gani na mbu? Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR (King's African Rifles) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilisonga mbele katika bonde la Kabaw nchini Burma, katikati ya mvua za masika za huko, ikawafukuza Wajapani hadi mto Chindwin. Adui mwingine alikuwa malaria. Jenerali William Slim, kamanda wa Jeshi la 14, ameandika kwamba mwaka 1943 kila askari mmoja aliyeondolewa vitani kwa majeraha aliandamana na 120 walioondolewa kwa magonjwa, na kwamba malaria peke yake ilikuwa ikiwapata askari kwa kiwango cha asilimia 84 ya jeshi zima kwa mwaka. Askari walilazimishwa kumeza vidonge vya mepakrini mbele ya maofisa wao, vidonge vilivyowageuza ngozi kuwa ya manjano. Kwa hiyo mtu akilitaja jina la soko hili, anataja pia vita vilivyopiganwa dhidi ya mbu.

Je, wajua kwamba katika viumbe wote wanaojulikana na sayansi, anayemtafuta mbu kwa sababu ya damu iliyo tumboni mwake ni buibui mrukaji wa Afrika Mashariki? Jina lake ni Evarcha culicivora. Anaishi kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na wa Uganda: kwenye vigogo vya miti, kwenye nyasi zilizo karibu na nyumba, na kwenye kuta zenyewe, ndani na nje. Urefu wake ni kama milimita tano, na uso wake una wekundu. Burma hutampata. Lakini ukitembea hadi stendi ya Country Bus, Barabara ya Landhies, ukapanda basi la kwenda Mbita, litakufikisha kwake.

Je, wajua nani aliyemtambulisha? Maelezo rasmi ya spishi hii yalichapishwa mwaka 2003 na Wesołowska yule yule wa Heliophanus, pamoja na Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand. Kazi ilifanyika katika kituo cha utafiti cha icipe kilichoko Mbita Point, mkabala na kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay. Taasisi ya icipe iliasisiwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeamini kwamba wadudu wa Afrika wachunguzwe Afrika, na makao yake makuu leo yako Kasarani. Odhiambo alifariki mwaka huo huo wa 2003. Kituo cha Mbita kinaitwa kwa jina lake, na inafaa, kwani ndani yake ndimo ulimwengu ulimojifunza habari za buibui huyu.

Je, wajua anavyokula damu bila kumuuma mtu? Meno yake hayawezi kutoboa ngozi yetu tukafyonzwa. Yeye hungoja mbu jike afanye kazi hiyo. Mwaka 2005 Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walionyesha kwamba akipewa nafasi ya kuchagua, huchagua mbu aliyeshiba damu na kumwacha aliyekunywa maji ya sukari, mbu dume au mdudu mwingine. Humchagua kwa macho peke yake, na humchagua kwa harufu peke yake, hata asipomwona.

Hapo inafaa kusimama kidogo, kwa sababu mtu asiyejua ziwa anaweza kudhani ni jambo jepesi. Kandokando ya Ziwa Victoria hutokea mawingu ya nzi wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, yanayopanda angani kama moshi. Wadudu hao hawaumi mtu, wana ukubwa wa mbu, umbo la mbu, na hutua kwenye kuta zile zile. Kwa kila mbu mmoja aliyeshiba damu kuna umati wa wanaofanana naye wasio na hata tone. Buibui wa milimita tano anapita katikati ya umati huo akitafuta mmoja, na anampata.

Je, wajua anaangalia nini? Nelson na Jackson walitengeneza mbu wa kubandikwa, wakichanganya kichwa cha mmoja na tumbo la mwingine. Waligundua kwamba buibui hutazama mambo mawili. Kwanza tumbo: limevimba na ni jekundu? Pili papasi za kichwani: mbu dume ana papasi zenye manyoya mengi, jike ana nyembamba. Tumbo jekundu lililounganishwa na papasi za dume halikumshawishi vya kutosha. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012. Jiulize ni watu wangapi, wakipewa mbu mkononi, wangeweza kukuambia kama ni dume au jike.

Je, wajua kwamba makinda yake yanamjua Anopheles, yule mbu anayeeneza malaria? Mbu wengine hutua mwili ukiwa sambamba na ukuta. Anopheles hutua ameinua mkia juu. Kinda la Evarcha culicivora, ambalo ni dogo kuliko mbu mwenyewe, likiona mkao huo huzunguka, hutokea nyuma, na hushambulia kutoka chini ya tumbo lililoinuliwa, mahali ambapo mbu hana habari. Halikufundishwa na mama. Limezaliwa na ujuzi huo.

Je, wajua kwamba kwao damu ni manukato? Fiona Cross, Jackson na Simon Pollard waliripoti mwaka 2009 kwamba buibui aliyekula mbu wenye damu hupata harufu inayomvutia mwenziwe wa jinsia ya pili. Dume hupendwa zaidi na majike, na jike hupendwa zaidi na madume. Katika spishi hii pande zote mbili huchagua, jambo lisilo la kawaida kwa buibui.

Je, wajua kwamba anavutiwa na harufu ya miguu yetu? Mwaka 2011 Cross na Jackson walitumia soksi zilizovaliwa na soksi safi. Buibui walielekea zilizovaliwa. Ina maana: mbu wa Anopheles humfuata binadamu kwa harufu, na anayetaka kumpata mbu huyo afanye vipi zaidi ya kufuata harufu ile ile? Nyumba yenye watu ndiyo yenye mbu walioshiba. Kwa hiyo buibui huyu hupenda kukaa na sisi, na hana nia mbaya nasi.

Je, wajua mmea anaoupenda? Iko miwili: lantana, ule wa maua madogo ya waridi na manjano ulioletwa kutoka Amerika na sasa umekuwa ua wa nyumba na pia gugu sumbufu kote nchini, na mbarika, mwenyeji wa upande huu wa Afrika. Harufu zake humvuta. Wataalamu wa kemia wa icipe, Baldwyn Torto na Xavier Cheseto miongoni mwao, walisaidia kuzitambua kemikali zenyewe zilizomo kwenye harufu hiyo. Na haji kwenye mimea hiyo kupumzika tu. Mwaka 2012 Josiah Kuja na wenzake walionyesha kwamba Evarcha culicivora hunywa nekta. Walipima buibui waliookotwa porini wakawakuta na fruktosi mwilini, sukari isiyopatikana kwa mbu aliyeshiba damu bali kwenye mmea. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2015, uliona kwamba kinda likinywa nekta kidogo tu hupata uwezo mkubwa zaidi wa kuangusha mbu.

Mbarika uko kila mahali Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi: kwenye kingo za mto, kando ya reli, kwenye viwanja vilivyoachwa. Tazama pale jani linapoungana na kikonyo chake. Utaona vifundo vidogo vinavyotoa nekta, nje ya ua kabisa, na mara nyingi utakuta sisimizi na buibui wadogo wakizunguka hapo. Watoto waambiwe tu wasitafune mbegu, maana zina sumu kali.

Je, wajua kwamba hakuna aliyesema buibui huyu atamaliza malaria? Idadi yake ni ndogo, mbu ni wengi, na yeye hula wadudu wengine pia. Neti yenye dawa haina mbadala wa miguu minane. Homa Bay, kaunti ile ile ya Mbita, ndiko Kenya ilikoanzia kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto, Septemba 2019. Lakini anayejua jinsi kiumbe mmoja anavyomtambua mbu hatari kwa umbo, mkao na harufu amejua mengi kuhusu mbu mwenyewe, na ndiyo thamani ya kazi iliyofanyika pale.

  

Je, wajua kwamba Mbita imetoa pia buibui anayehesabu? Portia africana hula buibui wenzake. Cross na Jackson walimwonyesha mawindo kadhaa kwa mbali, kisha wakamlazimu azunguke njia asikoyaona. Alipotokea upande wa pili na kukuta idadi imebadilishwa, alisita. Moja alilitofautisha na mbili, mbili na tatu. Tatu na kuendelea, kwake zote ni nyingi. Ripoti hiyo ni ya mwaka 2017.

Je, wajua kuna anayejifanya sisimizi kwa makundi? Myrmarachne melanotarsa, aliyeelezwa kutoka Kenya mwaka 2002, anafanana na sisimizi wa Crematogaster, wale wanaoinua tumbo wakikasirika. Hukaa wengi pamoja, vijichumba vyao vikiunganishwa kwa nyuzi. Buibui warukaji wengine huogopa kundi la sisimizi, kwa hiyo wakiwaona hao wamejipanga huyaacha makao yao. Ndipo wajanja huingia na kula mayai na makinda yaliyoachwa. Ni ukatili, lakini ni ukatili uliopangwa kwa akili ya pekee.

Na nje ya kwetu je? Haraka haraka. Wajua kwamba Toxeus magnus wa China hunyonyesha? Mwaka 2018 watafiti waliripoti kwamba mama hutoa maji yanayofanana na maziwa, yenye protini kama mara nne ya maziwa ya ng'ombe, na watoto huendelea kunyonya hadi kama siku 40. Wajua kwamba Bagheera kiplingi wa Amerika ya Kati hula hasa vichipukizi vya majani ya migunga? Wajua kwamba Euophrys omnisuperstes ameokotwa kwenye mlima Everest kwenye mita 6,700, juu kuliko kilele cha Kilimanjaro? Wajua kwamba Paracyrba wanlessi wa Malaysia huvua viluwiluwi wa mbu kwenye maji yaliyotuama ndani ya mianzi?

Je, wajua kwamba warukaji husikia? Wana vinyweleo badala ya masikio. Katika maabara ya Cornell, Marekani, kiti kilikwaruza sakafu na chombo kilichokuwa kikipima ubongo wa buibui kikaitikia. Uchunguzi uliotoka mwaka 2016 ukathibitisha kwamba Phidippus audax husikia sauti kutoka zaidi ya mita tatu. Sauti nzito zinazolingana na mngurumo wa mabawa ya nyigu humfanya agande palepale, kwa kuwa nyigu humwinda.

Je, wajua kwamba mmoja alitumwa angani na kijana wa Kiafrika? Amr Mohamed wa Alexandria, Misri, alikuwa na miaka 18 aliposhinda shindano la majaribio ya kufanywa kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu. Swali lake: je, buibui anayewinda kwa kuruka ataweza kuwinda mahali pasipo na uzito? Mwaka 2012 Phidippus johnsoni aliyepewa jina la Nefertiti alikaa huko kama siku 100. Aliacha miruko, akajifunza kumsogelea nzi huku ameshikilia ukuta, na alipata chakula. Aliporudi duniani akajifunza kuruka upya.

Je, wajua kwamba dawa ya kupulizia nzi haichagui? Inapopuliziwa kwenye kuta za kibanda humuua mwindaji pamoja na anayewindwa, na nzi, ambao huzaana kwa siku chache, hurejea kabla yake. Mfuniko wa wavu juu ya nyama, karai safi na taka kuondolewa mapema vinapunguza nzi bila kumgusa. Mrukaji hana sumu ya kumdhuru mtu, hatembelei nyama, na hatafuti makombo. Anachotaka ni nzi aliye hai anayesogea.

Je, wajua pa kuanzia ukitaka kumjua? Nenda saa nne asubuhi, jua likiwa limeupasha ukuta joto. Chagua ukuta wa nje, ua wa lantana, au majani ya mbarika. Beba kioo kidogo cha mfukoni. Ukimpata dume, mwekee kioo mbele yake, umbali wa vidole vitatu hivi. Atajiona na kudhani ni dume mwingine ameingia kwenye eneo lake. Atainua miguu ya mbele, aitandaze, asogee kwa hatua za kando, akitikisa mwili ili aonekane mkubwa. Mwache afanye hivyo kwa dakika moja tu, kisha ondoa kioo, kwa sababu mashindano hayo humla nguvu anazozihitaji kwa kuwinda.